Senti za korosho: nani amuulize nani?

Ukitoka Mtwara mjini ukashika barabara ya kwenda Newala, hujakaa sana kwenye gari unaipita Naliendele. Wengi wanaijua kwa mambo mawili. Kuna makaburi ya mashujaa, walipolazwa wanajeshi wetu waliokufa wakiitetea Msumbiji. Halafu kuna kituo cha utafiti wa kilimo, siku hizi kinaitwa TARI Naliendele, ambacho ndicho mama wa utafiti wa korosho nchi hii. Yote mawili ni ya kujivunia. Lakini wadau, leo sijaja kujivunia. Nataka tuongee habari ya fedha.

Swali langu ni hili. Fedha ikitoka kwenye mkorosho wa Mtwara, ikapita mikononi mwa serikali, ni kiongozi gani uliyemchagua kwa kura yako mwenye uwezo wa kumwita aliyeitumia na kumwambia "hebu njoo utueleze", na yule akaja? Kuuliza tu kila mtu anauliza, hata vijiweni kwenye kahawa. Nasema kuuliza kunakomlazimu mtu ajibu. Nikiipitia historia ya Kusini naona kwamba karibu kila zama mwenye kushika fedha alikuwa anajibu kwa mtu aliye mbali: Lindi, London, Dar es Salaam, Dodoma. Waliochaguliwa na watu wa hapa walipewa kiti, posho na chai ya kikao.

Tuanze mbali kidogo. Waingereza walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani walikuja na mtindo wa kutawala kwa kupitia wenyeji, na sheria yake ikapita mwaka 1926. Mahali pengine walikuta machifu, wakawapa mihuri na hazina ndogo za wenyeji zilizolishwa na sehemu ya kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Kusini walipata kazi. Wamakonde hawakuwa na chifu mkubwa wa kukalishwa kwenye kiti, kila mahali palikuwa na mkulungwa wake. Basi wakaendelea na maliwali na maakida, vyeo vya enzi za Sultani wa Zanzibar na Wajerumani. Liwali aliteuliwa. Hazina ile, iliyojaa shilingi za mtu wa Newala na wa Mikindani, ilikaguliwa na Bwana Shauri wa wilaya, naye akapeleka taarifa kwa mkuu wa Jimbo la Kusini. Mlipaji hakuwa na nafasi popote kwenye mlolongo ule.

Halafu ukaja Mradi wa Karanga. Huu tumeusoma shuleni kama kichekesho cha wazungu waliolima wasikojua, lakini ukiutazama kwa jicho la hesabu ni kisa kingine kabisa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, chini ya chama cha Labour, ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Ikaamua kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu zilimwe karanga, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikaanzishwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuelekea bara. Mtwara hii tunayoijua, yenye barabara pana kama vile walitegemea foleni ya Ubungo, ni mtoto wa karanga. Karanga zenyewe hazikuota za maana. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango, na hasara iliyofutwa vitabuni ilifika kama pauni milioni 36. Reli ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo huwa haisimuliwi. Wakaguzi wa hesabu wa shirika lile walisema wazi kwamba vitabu havikutunzwa inavyotakiwa. Mwaka 1949 wajumbe wawili wa bodi walifukuzwa. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikaangwa bungeni kwake mpaka jina lake likaungana na karanga moja kwa moja. Uwajibikaji ulikuwepo! Ila uliofanya kazi hiyo ni mjengo wa London, uliochaguliwa na walipa kodi wa Uingereza, kwa sababu fedha ilikuwa yao. Mtu wa Nachingwea, ambaye ardhi ilikuwa yake, hakuwa na mbunge wa kumuuliza Strachey chochote. Siwasifu wakoloni hapa. Nasema kwamba hata ukaguzi unafuata aliyemchagua mkaguliwa, na huo ndio uzi ninaoufuata kwenye makala haya.

Uhuru ulipokuja tulipata halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa, machifu na maliwali wakawekwa pembeni, na majimbo yakageuzwa mikoa. Mkuu wa Mkoa akawa mtu wa ajabu kidogo kikatiba. Aliteuliwa na Rais, alikuwa katibu wa TANU wa mkoa, na kwa cheo chake alikuwa mbunge. Yaani mheshimiwa aliyetakiwa kusimamiwa na Bunge alikuwa amekaa ndani ya Bunge, na chama ambacho kingemwadhibu kilikuwa ofisi yake nyingine. Ukimlalamikia, barua inarudi kwake.

Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Jina zuri sana. Walioshauri namna ya kuupanga walikuwa kampuni ya McKinsey kutoka Marekani, jambo ambalo nikiwaambia vijana wenzangu wanaojua habari za Azimio la Arusha hawaamini. Kilichotokea ni kwamba halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa. Mahali pake wakapelekwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, watumishi wa serikali kuu, wakiwa na fungu la fedha na amri. Madaraka kweli yalikwenda mikoani, yakiwa yamebebwa na mtu wa Dar es Salaam kwenye Land Rover. Madiwani walibaki kwenye kamati za kushauri. Ili tuwe wakweli, halmashauri nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa hoi: hazina watumishi, hazina fedha, na nyingine hesabu zao zilikuwa vurugu. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa ya kumwondoa mgonjwa hospitalini.

Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za serikali. Korosho ilikuwa tayari na ya kwake, Mamlaka ya Korosho Tanzania. Kabla ya hapo Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu, na Kusini wengi walijikuta wanakaa mbali na mikorosho yao. Ukitaka kujua maana ya kitu hiki, chukua tarakimu mbili. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilikuwa tani 16,400. Wakati huohuo viwanda 12 vya kubangua vilijengwa kwa mikopo, uwezo wake kwa jumla ukizidi tani 100,000, wakati korosho za kuvilisha zilikuwa zinapotea porini. Vingine havikuwahi kufanya kazi inavyotakiwa. Deni lilibaki kwa taifa na magofu yakabaki Kusini.

Wataalamu watakwambia sababu za anguko lile ni nyingi, na ni kweli: bei ilikuwa mbovu, watu walihamishwa, mikorosho ilizeeka, na ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Mimi naongeza moja tu. Katika miaka ile yote mkulima wa Kusini hakuwa na halmashauri yake wala ushirika wake. Bei ilipopangwa vibaya, au kiwanda kilipojengwa bila korosho, hapakuwa na kikao chochote cha watu aliowachagua chenye nguvu ya kusema "simamisha kwanza". Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984 akielekea kung'atuka, alikiri hadharani kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Ni wachache wenye madaraka wanaoweza kusema hivyo, na nampa heshima yake. Lakini kukiri kwake hakukurudisha mikorosho.

Walioirudisha, kwa sehemu kubwa, ni watu wa Naliendele. Watafiti pale walifanya kazi ya miaka na miaka kuutafuta utaratibu wa kupulizia salfa, lini na kiasi gani, na kuchagua mikorosho mama inayozaa vizuri na kuivumilia maradhi. Profesa Peter Masawe na wenzake wanajulikana nje ya nchi kuliko wanavyojulikana Kariakoo. Korosho unayonunua kwenye kimfuko, wewe wa mjini, ukiitafuna ukasema "tamu", jua kuna mtu alikesha na ubwiriunga. Mavuno yakapanda tena taratibu. Msimu wa 2017/18 yakavunja rekodi ya wakati huo, zaidi ya tani 313,000.

Utafiti haulipwi kwa pongezi. Salfa na miche pia ni fedha. Hapo ndipo tunakutana na ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje. Kanuni yake ilikuwa asilimia 15 ya thamani ya mzigo, au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Nia ilikuwa kuwashawishi wafanyabiashara wabangue hapahapa badala ya kuwapa Wahindi na Wavietnam kazi yetu. Sheria ikagawa: asilimia 65 zirudi kwenye zao lenyewe, yaani pembejeo, utafiti, miche, ubanguaji, na asilimia 35 ziende Hazina. Piga hesabu ya mfano. Tani ikiuzwa dola 1,600, ushuru ni dola 240. Katika hizo, dola 156 zinarudi kwenye mkorosho na dola 84 zinaingia kapu la taifa. Ukizidisha kwa tani laki tatu unaona kwa nini watu walianza kukodoa macho.

Nisiufanye mgawo ule kuwa malaika. Fedha za zao zilipitia mfuko maalumu wa kuendeleza korosho, na malalamiko juu ya matumizi ya mfuko ule yalikuwa mengi, mpaka serikali ikauvunja na kazi zake zikahamia Bodi ya Korosho. Ukitazama nani alikuwa juu ya mfuko, na baadaye nani alikuwa juu ya Bodi, unakuta ni walewale wa kuteuliwa. Mkulima alikuwa na haki ya kupata salfa. Haki ya kuona hesabu ya salfa hakuwa nayo. Ila angalau palikuwa na tarakimu kwenye sheria, 65, ambayo mbunge angeweza kuinyooshea kidole.

Na Kusini ilishajaribu kuuliza kwa njia nyingine. Mwaka 2013 iliuliza kwa moto. Mwezi Januari watu wa Mtwara walipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na tarehe 22 Mei, siku bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, mji ukalipuka, watu wakafa na jeshi likaingia mitaani. Katikati yake, Aprili, kule Liwale mkoa wa Lindi, malipo ya pili ya korosho yalipokuja pungufu, nyumba za viongozi zilichomwa. Magazeti ya Dar yakaandika kwamba watu wa Kusini wamechochewa, hawana uzalendo. Nilichokiona mimi ni kwamba gesi na korosho, vitu viwili tofauti kabisa, viliibua swali lilelile ndani ya mwaka mmoja, na wote walioulizwa walikuwa hawahesabiki hapo mkoani. Kuchoma nyumba ya mtu ni jinai na sitaitetea. Lakini mtu hachomi nyumba ya diwani kama anaamini kikao cha diwani kinaweza kitu.

Sasa tuje Juni 2018, ambayo kwangu ndiyo sura muhimu kuliko zote.

Serikali ilikuwa haijapeleka fedha za asilimia 65 kama sheria ilivyotaka. Wabunge wa Kusini walikuwa wanadai zaidi ya shilingi bilioni 200 zilizolimbikizwa. Na hawakuwa wapinzani peke yao. Sauti kubwa zilitoka CCM: Hawa Ghasia, mbunge wa Mtwara Vijijini, ambaye alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti na kabla ya hapo waziri wa TAMISEMI, na Nape Nnauye wa Mtama. Huwezi kusema hawa hawakujua serikali inavyofanya kazi. Walisimama na sheria mkononi wakisema fedha hii si hisani.

Jibu likaja ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha: sheria ibadilishwe, ushuru wote, asilimia 100, uende Mfuko Mkuu wa Hazina. Ukidaiwa kwa sheria, unafuta sheria. Mjadala ulikuwa mkali kwa viwango vya Bunge lile, watu wakapaza sauti, na mwisho wa siku muswada ukapita. Siku chache baadaye Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba watu wa Kusini wangeandamana kwa ajili ya fedha zile wangepigwa, na mashangazi wa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye naye ni mtu wa Ruangwa, wasingesalimika. Watu ukumbini walicheka. Mwaka huohuo Ghasia akaachia uenyekiti wa Kamati ya Bajeti.

Kuna wanaowalaumu wabunge wale kwamba ni waoga. Mimi nadhani ni rahisi mno kusema hivyo. Soma Katiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri serikali. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Na kwa kuwa hatuna mgombea binafsi, mbunge akifukuzwa na chama chake anapoteza ubunge hapohapo. Kwa hiyo mbunge wa Kusini aliyetaka kukataa mpaka mwisho alikuwa anaweka mezani kiti chake, na wenzake wa mikoa isiyo na korosho hawakuwa na sababu ya kuweka vyao. Wapiga kura wake wangemuunga mkono asilimia mia, na isingemsaidia kitu. Alikuwa na mabwana wawili, na wa Dodoma ndiye mwenye kalamu.

Kilichofuata mnakikumbuka. Salfa, ambayo msimu wa 2017/18 iligawiwa bure, sasa mkulima alijinunulia. Juni na Julai ndio wakati mikorosho inaanza kuandaliwa kwa kupuliziwa, hivyo muswada na ubwiriunga vilifika pamoja. Oktoba minada ikaanza na bei zikawa za kusikitisha kulinganisha na mwaka uliopita, wakulima wakagoma kuuza. Novemba 10 Rais akawaondoa mawaziri wawili, Charles Tizeba wa kilimo na Charles Mwijage wa biashara, na Bodi ya Korosho ikavunjwa. Siku mbili baadaye serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia kuzisomba. Pakaanza uhakiki wa kuwasaka wafanyabiashara wa kangomba, wale wanaonunua kwa bakuli kabla ya msimu, na wakulima wa kweli wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo. Januari 2019 serikali ikasaini mkataba na kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, iuziwe tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418 hivi. Kampuni haikulipa, na mkataba ukafutwa mwaka huohuo.

Mavuno ya 2018/19 yalishuka mpaka takriban tani 225,000. Sitasema ni sheria ile pekee iliyoyashusha, mvua nayo ina kauli yake. Ila kwa upande wa halmashauri mambo hayana utata. Tandahimba na Newala zinaendeshwa kwa ushuru wa mazao kuliko kitu kingine. Ushuru huo tayari ulikuwa umeshushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara. Mnunuzi alipokuwa serikali yenyewe, halmashauri zilizokuwa zimeuweka ushuru ule kwenye bajeti zilijikuta zinausubiri. Hebu fikiria wewe ni diwani: umepitisha bajeti ya zahanati, mlipaji ni serikali, mdai ni mwajiriwa wa serikali hiyohiyo. Utamwandikia nani?

Hapa inabidi niseme kidogo jinsi mkoa unavyokaguliwa, maana vijana wengi wa mjini tunachanganya. Mkoa, kama mkoa, hauna baraza la kuchaguliwa. Hakuna kura unayopiga kuwapata wasimamizi wa matumizi ya mkoa wa Mtwara. Tangu sheria ya mwaka 1997 ipo Sekretarieti ya Mkoa chini ya Katibu Tawala, na ipo Kamati ya Ushauri ya Mkoa inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa. Ushauri, jina linajieleza. Hesabu zake zinakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, na wa kuulizwa anaitwa mbele ya kamati ya Bunge, Dodoma. Ngazi ya chini, halmashauri zilizorudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984, kuna madiwani wa kuchaguliwa. Lakini mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye saini kwenye hundi, anateuliwa na Rais. Mkaguzi wa ndani, wa kumchunguza mkurugenzi, anafanya kazi chini ya mkurugenzi. Na kwa miaka mingi wakurugenzi haohao ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi kwenye majimbo, wakimtangaza nani kashinda. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo halifai, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikasema linafaa.

Na fedha za kukaguliwa zenyewe zimekuwa zikipanda juu. Kodi ya maendeleo, ile kodi ya kichwa iliyowakimbiza baba zetu maporini, ilifutwa mwaka 2003, na nani alilia? Hata hivyo kuanzia hapo halmashauri zikaegemea zaidi ruzuku ya serikali kuu. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa TRA. Ushuru wa korosho ukafuata njia hiyohiyo.

CAG mwenyewe hakupona. Profesa Mussa Assad alipoulizwa mwishoni mwa 2018 kwa nini ripoti zake hazizai hatua, alijibu kwamba ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akamwita mbele ya kamati, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Yaani mkaguzi ambaye wateja wake wakuu ni wabunge alisusiwa na wabunge. Novemba mwaka huohuo akaondolewa na Charles Kichere akashika nafasi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kule kulikiuka Katiba. Wakati huo Assad alishakaa nje miaka mitatu.

Baada ya 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, sehemu ya ushuru wa korosho ilirudishwa kwenye zao na pembejeo zikaanza kutolewa tena kwa ruzuku. Msimu wa 2024/25 mavuno yakapita tani 500,000. Safi kabisa, na Naliendele ina haki ya kudai sehemu ya sifa hizo. Ila mgawo ulirudi kwa mlango uleule uliotokea, yaani marekebisho ya sheria yanayoletwa na serikali kuu Dodoma. Hapakuwa na hatua yoyote, 2018 wala baadaye, iliyodai ridhaa ya baraza la madiwani la Tandahimba, Newala, Masasi au Mtwara Mikindani, ambamo ndimo ilimo kata ya Naliendele.

Kwa anayetaka kufuatilia mwenyewe, ripoti ya CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili. Waheshimiwa wengi watakuonyesha ukurasa wa hati, watasema "tumepata hati safi" na kuagiza soda. Hati inakwambia tu kwamba hesabu zimeandikwa kwa kufuata kanuni. Zahanati inaweza kuwa haipo na hati ikawa safi. Wewe ruka ukurasa huo, nenda kwenye jedwali la mapendekezo ya miaka ya nyuma, uhesabu mangapi yametekelezwa na mangapi bado, halmashauri kwa halmashauri. Halafu umtafute diwani wako umuulize kama amewahi kuliona.